Wiki ya Tano

Stockholm, hospitalini, 16 Januari 2025

Mama Beverly mpendwa,

Najua tulikubaliana kwamba barua za mwaka huu ziwe za watoto wenyewe, Heshima wangu na Beverly wako, ili Kiswahili kisiwapotee. Lakini Heshima hawezi kushika kalamu wiki hii, kwa hiyo utavumilia mwandiko wangu. Leo ni siku ya sita tuko hospitalini. Mwanangu ana sukari.

Ilianza baada ya Krismasi. Kiu tu. Anakunywa, anakwenda chooni, anakunywa tena. Suruali ya shule ikaanza kumvuka kiunoni, nikasema mtoto anarefuka. Alhamisi muuguzi wa shule alinipigia simu, nikamjibu kwa Kiswidi changu kizuri kabisa kwamba ni uchovu wa likizo. Jumamosi asubuhi nilimkuta sakafuni bafuni, anapumua kwa haraka na kwa nguvu kama mtu aliyetoka kukimbia, mdomo wake unanuka tunda lililoiva kupita kiasi. Watu wa ambulensi waliingia na viatu mpaka chumbani, wala sikujali.

Daktari aliniuliza mtoto amekuwa akinywa nini. Nikasema maji.

Sasa ameamka, anakula, anacheka na muuguzi mmoja kijana anayeitwa Mikael. Huyo Mikael huja kila siku na dubu wa kitambaa, anamdunga dubu sindano za insulini, anamweleza Heshima habari za mwili wake kwa Kiswidi. Mimi nakaa pembeni na koti mapajani. Mimi Kahindo, niliyefundisha darasa la nne Butembo, watoto hamsini na wawili, vitabu tisa. Hapa unajua kazi yangu: walimu wakishaondoka mimi naingia kufuta ubao wao. Na sasa hata mtoto wangu mwenyewe anafundishwa na mwingine mbele yangu.

Tangu mlipohama Vällingby kwenda visiwani huko Mariehamn, nje ya Uswidi, ili umfundishe Beverly nyumbani bila sheria yao ya kulazimisha shule kukufuata, nimekuonea wivu. Nakwambia ukweli. Clovis, babake Heshima, nimempigia huko Malmö, amesema atatuombea.

Niandikie.

Kahindo

—

Mariehamn, 20 Januari 2025

Mama Heshima,

Pole, pole, na pole tena. Barua yako nimeisoma nimesimama pale pale kwenye sanduku la posta, theluji inanidondokea shingoni, mume wangu Obiero akidhani tumefiwa. Nimelia. Nimemaliza. Sasa na wewe futa machozi unisikilize, kwa sababu najua utakaa hapo kwenye kiti na koti lako ukijihurumia, na mimi sitakuruhusu.

Umepewa darasa, dadangu. Wengine tunatafuta masomo kwenye vitabu, wewe limekujia mlangoni pako. Beverly alipoumwa na nyuki jicho likavimba likafunga kabisa, si nilimpa barafu, halafu tukasoma nyuki wiki mbili nzima? Mpaka leo anaweza kukuchorea tumbo la nyuki. Alipovunjika mkono, tulisoma mifupa. Mtoto anayeelewa ugonjwa wake hauogopi. Na nani atamwelewesha vizuri kuliko mama yake, kwa lugha ya mama yake? Kijana na dubu? Aki Kahindo, wewe ni mwalimu. Au ulikuwa ukitudanganya?

Ratiba nimekutengenezea. Wiki ya kwanza: damu. Ya pili: sukari ikipanda. Ya tatu: kongosho, alichore na alipake rangi. Ya nne: hesabu za chakula, kila kipande cha mkate na uzito wake. Ya tano: sukari ikishuka. Ya sita: maonyesho, atusomee kwenye video.

Na tafadhali usimchanganye. Jambo moja likae ndipo lije jingine. Beverly alijumlisha mwezi mzima kabla hajasikia neno "kutoa", na leo kwa hesabu humpati.

Shule yake waambie daktari amesema apumzike nyumbani. Nani atauliza zaidi, na mtoto ametoka hospitali? Ni ushauri tu.

Unaniruhusu niwasomee barua zako kina mama wa Jumamosi? Tumefika arobaini sasa, tunakutana kwenye kompyuta, wengine wako Oslo, wengine Nairobi, wote wanafundisha watoto nyumbani au wanatamani. Wanahitaji kusikia mtu kama wewe.

Wako,
Milcah

—

Vårby gård, 28 Januari 2025

Mama Beverly,

Tuko nyumbani tangu Jumatano, na nina habari ambayo sijawahi kukuandikia tangu tujuane: mwanangu amenijibu kwa Kiswahili siku sita mfululizo.

Unamjua. Namwuliza kwa Kiswahili, ananirudishia Kiswidi, kama anayerudisha nguo dukani. Sasa meza ya jikoni ni darasa. Asubuhi tunaanza kwa kusimama, "Habari za asubuhi, mwalimu," halafu tunakaa. Nimemnunulia daftari, nimelifunga jalada kwa karatasi ya kalenda ya kanisa kama tulivyokuwa tukifanya Butembo, na harufu tu ya ile karatasi ilitosha kunirudishia mgongo wangu. Nimesimama mbele ya mwanafunzi, Milcah. Mmoja, lakini mwanafunzi.

Wiki ya damu ilikwenda vizuri sana kwa hiyo tulisoma siku nne tu, tukaingia kupanda. Nilifikiri namna ya kulifanya somo likae. Sisi tumerahisishiwa na lugha: Waswidi ugonjwa wana jina lake, na sukari ya chai wana jina lake. Kwetu ni neno moja. Mtu ana sukari. Sukari imempanda. Nikaandika ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa: SUKARI NI ADUI. Hospitali wamembandika mkononi mashine ya kupima sukari, inayotuma habari kwenye simu yangu na kwenye mashine ndogo ya mezani, nazo hulia sukari ikivuka kiwango. Ninauliza, "Adui yetu ni nani?" Anaitika, "Sukari!" "Mashine ikilia?" "Ninakunywa maji!" "Halafu?" "Ninaruka kamba!" Na anaruka kweli, maana mwili ukifanya kazi sukari inapungua, hata Mikael alisema hivyo. Mzee Anicet, yule Mrundi wa ghorofa ya chini yetu, amekuja mara mbili kugonga. Nikamwambia hizo si kelele, ni sayansi. Akacheka, akasema basi sayansi ivae soksi.

Chupa ya asali nimempa yeye Anicet. Sukari yote imetoka mezani. Adui hakai mezani.

Hospitali walitaka nimpeleke kwa Mikael Ijumaa na tena wiki ijayo, kumwendeleza na masomo yake ya dubu. Nimeahirisha zote mbili. Nimewaambia mimi ni mwalimu, nitamfundisha kwa lugha yake. Na shule, daktari ameafiki akae nyumbani mpaka Machi.

Wasomee kina mama. Jina langu usilifiche.

Kahindo

—

Mariehamn, 2 Februari 2025

Mwalimu Kahindo!

Ndiyo, nitakuita hivyo, na kina mama arobaini wanakuita hivyo. Nilipofika "adui hakai mezani" mmoja wa Oslo alizima kamera ili tusimwone akilia. Mwingine amesema amefundishwa sukari na madaktari miaka minne, hajawahi kuielewa mpaka jana. Si nilikwambia?

Sasa usilegee. Wiki ya tatu, kongosho. Nitumie picha ya mchoro na maelezo yake tuyasome Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Hilo la kushuka utakuwa na hamu ya kulifikia, najua walimu, lakini lingoje zamu yake.

Ndani kuna barua ya Beverly kwa Heshima. Ana miaka kumi na anauliza maswali ya mtu wa arobaini. Mwache Heshima ajibu mwenyewe, wewe usiisome, aifunge na stempu abandike. Ikifika hapa nitaisahihisha kwa wino mwekundu na kumrudishia, kama ninavyofanya kwa zote. Mtoto asiyeona makosa yake hatoki alipo.

Milcah

—

Vårby gård, 5 Februari

Hej Beverly,

Asante kwa barua yako. Kalamu yako ni mzuri. Mama anasemaka mimi bado ni mgonjwa lakini daktari alisema naweza kurudi skolan zamani. Sasa skolan ni jikoni na mwanafunzi ni mimi tu. Rafiki yangu Précieuse alikuja kucheza lakini Mama alimwambia arudi kwao kwa sababu tuliko na somo.

Umeuliza kama sukari inauma. Sindano inauma kidogo. Mkono yangu iko na kitu kidogo nyeupe, inaongea na simu. Inaliaka sauti mbili. Moja tulishasoma, ingine tutasoma wiki ya tano.

Mashine ikilia ninakunywa maji mengi na ninaruka kamba mpaka adui atoke.

Mikael wa hospitali alinipa vidonge vya sukari ya zabibu nikae nazo mfukoni. Mama aliziweka juu ya kabati. Niliuliza kwa nini Mikael alinipa adui. Mama alisema hiyo ni ya wiki ya tano, tusiruke ukurasa.

Sasa siri. Mbele ya kwenda hospitali nilikuwa na kiu sana na Mama alininunuliaka Fanta kila siku, chupa kubwa. Usimwambie mtu, Mama atalia.

Wewe unajua wiki ya tano ni nini? Niambie.

Heshima

—

Mariehamn, 10 Februari 2025

Mama Heshima,

Haraka haraka kabla posta haijafungwa. Ndani ni barua ya Heshima, nimeirudisha ikiwa imesahihishwa. Makosa kumi na moja! Kwa mtoto aliyezaliwa Stockholm si mabaya hata kidogo. Lakini hilo la "anasemaka, inaliaka" mkomeshe mapema, litamharibia. Sentensi moja nimeipenda mpaka nimeisoma mbele ya kina mama kama mfano. Utaiona, nimeiwekea alama.

Watoto na siri zao! Mimi simo, sijaona kitu.

Beverly naye ameandika jibu lake, ila mwandiko ni wa kuku, nimemwambia alirudie. Litafuata likiwa safi.

Kongosho nangoja.

Milcah

—

Mariehamn, 19 Februari 2025

Mama Heshima,

Jumamosi nilikaa mbele ya wanawake arobaini sina la kusoma. Nikawaimbia. Nimekupigia Jumapili, Jumatatu, na jana mara mbili. Simu inaita tu.

Kama ni yale makosa kumi na moja, Kahindo, usiwe mtu wa kununa. Mwalimu husahihishwa pia. Kama ni hayo mengine, ya chupa kubwa, nimekwambia simo. Nani hajampa mtoto soda? Au umeshakuwa mtu mashuhuri, sisi wa visiwani hatukutoshi tena?

Picha ya kongosho tu, hata bila rangi.

Milcah

—

Stockholm, hospitalini, 4 Machi 2025

Milcah,

Nimekaa na kalamu hii siku nyingi. Nitakuandikia mara moja, kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa kuandika ripoti ya tukio, kisha nitanyamaza.

Alhamisi tarehe kumi na tatu Februari. Asubuhi nilimdunga insulini ya bakuli zima la uji. Uji alikula nusu, akasema ameshiba. Nilikuwa nimeandikisha chumba cha kufulia, unakikumbuka, kule chini kabisa, na ukikosa zamu yako unangoja wiki. Nikamwambia amalize uji, aendelee kupaka rangi kongosho, narudi sasa hivi.

Kule chini simu haikamati. Kuta ni nene na mlango ni wa chuma. Nguo zilikuwa zinazunguka, ningeweza kupanda. Sikupanda. Nilikuwa nimeshuka na karatasi, nikaiweka juu ya mashine ya kukaushia nikaanza kukuandikia. Wiki ya tatu, kongosho. Nilitaka kina mama wapate kitu kizuri kuliko cha kwanza. Nilifuta sentensi ya kuanzia mara tatu. Dakika arobaini na tano, Milcah. Barua hiyo ninayo bado, ina sentensi nne.

Simu ilikuwa imeunganishwa na ile mashine ya mkononi mwake, na simu nilikuwa nayo mimi. Lakini mashine ndogo ya mezani ililia, kwa ile sauti ambayo hatujaisoma. Mwanangu alikuwa anatetemeka na anatoka jasho, hayo nimeelezwa na madaktari. Alifanya nini? Alifanya somo lake. Tulikuta jagi tupu la maji juu ya meza na daftari limefunguliwa ukurasa wa kwanza. Halafu akaanza kuruka kamba.

Anicet alisikia. Anasema aliruka muda mrefu, bila mpangilio, anaangukia hapa na pale, na yeye akakasirika akachukua ufagio akagonga dari. Kisha kukawa kimya. Anasema alifurahi kwanza. Aliporudi kwenye kiti chake ndipo moyo ukamwambia kimya hicho si cha mtoto aliyechoka. Akapanda akakuta mlango haujafungwa. Kamba ilikuwa imemzunguka mguuni. Vidonge vya Mikael vilikuwa juu ya kabati, mahali nilipoviweka. Anicet akapiga simu ya dharura na kumwita Mungu kwa Kirundi, nami nikapanda ngazi na kikapu cha nguo zinazonukia sabuni.

Hakuamka siku tatu.

Hakufa. Naandika hivyo kwa sababu najua ndicho unachokitafuta huku juu na chini ya ukurasa. Anatembea sasa. Mkono wa kulia ni mzito, kijiko kinamponyoka, wanasema huenda ukarudi na huenda usirudi. Maneno yalirudi polepole, ya Kiswidi. Nikangoja ya Kiswahili. Juzi nilikaa kitandani kwake nikamwambia, "Habari za asubuhi, mwanangu." Akaziba masikio, kwa mkono mmoja mzima na mwingine unaochelewa. Daktari amempima, anasema lugha haijapotea, anaelewa kila ninachosema. Hataki tu. Nikianza sentensi anamtafuta Mikael kwa macho.

Kwa hiyo Mikael anatufundisha wote wawili, kwa Kiswidi, na dubu. Mimi nimepewa kiti kidogo. Jana aliuliza, mashine ikilia kwa sauti hii tunafanya nini? Nilianza kukunja koti mapajani. Heshima akaniangalia, akasema kwa Kiswidi, "Mama hajui." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anamjulisha mwalimu.

Walikuja watu wa ustawi wa jamii, wanawake wawili wapole. Waliuliza nani alisema mtoto asiende shule. Nikasema ni mimi. Waliuliza kwa nini niliahirisha mafunzo ya hospitali. Nikasema kwa sababu mimi ni mwalimu. Mmoja wao akaandika hilo, nikaona jinsi linavyoonekana likiandikwa na mtu mwingine. Na yule daktari wa kwanza nilimfuata mwenyewe kwenye korido nikamwambia habari ya Fanta, ingawa haibadilishi kitu sasa. Alisema wazazi wengi hufanya hivyo, mtoto akiwa na kiu. Nilitaka anitukane.

Sasa wewe.

Kesho yake, tarehe kumi na nne, Anicet alituletea hospitalini nguo na barua alizozikuta mlangoni. Yako ilikuwamo. Niliifungua kwenye korido nikidhani ni salamu. Ilikuwa barua ya mwanangu, ambayo uliniambia nisiisome, na mimi mjinga sikuisoma.

Nimezihesabu alama zako nyekundu. Ni kumi na moja kweli. Tatu kati yake si makosa, ndivyo tunavyosema kwetu, na mama yangu alisema hivyo mpaka akaingia kaburini na hakuna aliyekosa kumwelewa. "Vidonge nazo" umeandika "navyo". "Mkono yangu" umeandika "wangu". Pale anaposema Mama ameweka vidonge juu ya kabati, umegeuza "aliziweka" ikawa "aliviweka". Umeigusa sentensi hiyo kwa kalamu, Milcah. Ulikuwa juu yake. Pale anapouliza wiki ya tano ni nini, umemwekea alama ya kuuliza iliyo nzuri zaidi kuliko yake.

Na ile sentensi uliyoipenda ni hii: "Mashine ikilia ninakunywa maji mengi na ninaruka kamba mpaka adui atoke." Hapo hukugusa nukta. Umeweka alama ya vema na ukaandika pembeni, "Safi! Haina kosa."

Sikulaumu zaidi ya ninavyojilaumu, maana sentensi hiyo niliitunga mimi, na mtoto aliyeikariri ni wangu. Lakini tarehe ulizoandika mwenyewe ninaziona. Barua yake ilifika kwako, ukaisoma neno kwa neno, ulikuwa na simu mkononi, na ukaenda posta.

Kahindo

—

Mariehamn, 9 Machi 2025

Kahindo,

Sijui nianzie wapi kwa hiyo nitaanza na lililo baya. Ni kweli. Niliisoma. Ilinifikia Ijumaa tarehe saba. Nilikuwa na kalamu nyekundu, na nikiwa na kalamu hiyo sioni mtoto, naona ngeli. Nimekaa siku mbili nikitafuta njia nyingine ya kulisema hilo lakini ni hivyo tu.

Nilitaka kukujibu kwamba mimi si daktari, kwamba nilikupa ratiba tu, kwamba wewe ndiye uliyekuwa pale na mashine na mtoto. Niliandika barua hiyo jana, kurasa tatu. Obiero aliisoma akaniuliza swali moja tu: kwa nini kushuka kulikuwa wiki ya tano? Nilipanga hivyo kwa sababu kupanda hutangulia kushuka. Iliniridhisha macho. Barua hiyo nimeichana.

Kina mama wa Jumamosi nimewaambia umesafiri. Siku moja nitawaambia ukweli, lakini si leo, sina nguvu.

Kuna kitu kingine na ningeweza kukificha, usingejua maisha yako yote. Nilikuandikia kwamba Beverly aliandika jibu na nimemwambia alirudie. Jana nilifungua daftari lake. Karatasi ya kwanza ipo, hajaitupa. Sikuwa nimesoma alichoandika. Niliangalia mwandiko tu, umbali wa mkono, nikaandika nyekundu yangu juu yake nikamrudishia. Akaanza kuirudia, akachoka, akaenda nje kwenye theluji, na mimi nikasahau.

Amenifuata akiuliza kama Heshima alipata jibu. Nimemwambia bado.

Sikuombi unisamehe. Naituma kwa sababu ni ya Heshima, iliandikwa kwake.

Milcah

—

Mariehamn, 8 Februari

Hej Heshima!

Nimetafuta kwenye kitabu cha Baba. Wiki ya tano ni ikishuka. Ukitetemeka na ukitoka jasho imeshuka. Sasa usiruke kamba! Kula hivyo vidonge vya Mikael haraka haraka, siyo adui, halafu uite mtu mkubwa. Panda kiti uvitoe juu ya kabati leo, usingoje.

Beverly

*Mwandiko mbaya! Rudia yote. — Mama*